Alhamisi, Saa Moja na Robo

Namba ilikuwa ya duka la baba,
Mauno Rautio, mkausha samaki na ndege wa Thunder Bay,
aliyewatia macho ya kioo waliokwisha kufumba.
Alipokufa mama akasema: ukiitaka laini, lipa bili.
Nikalipa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
ujira wa kuzoa theluji, na kompyuta ya mtumba
iliyonguruma kama friji.

Ngazi kumi na moja kushuka chini ya nyumba.
Diski sita, zimeandikwa kwa penseli.
Siku tatu nilihangaika na faili moja la mipangilio:
ukikosea nukta, programu inakaa kimya
kama mgeni aliyenuna mezani.
Usiku wa nne nikaandika ATS0=1,
maana yake, simu ikilia mara moja, pokea,
na modemu ikawasha taa yake nyekundu
kati ya bundi asiye na bawa na pipa la chumvi.

Ukurasa wa kwanza niliuandika hivi:

    Karibu mpiga simu,
    baridi ya nje ni sumu,
    humu mna yako zamu,
    mmoja kwa mara moja.

Mmoja, kwa sababu laini ilikuwa moja.
Walikuja. Kunguru Saba, dereva wa treni ya nafaka.
Bi Barafu, muuguzi, aliyeandika saa tisa usiku
maneno machache juu ya waliofariki kwenye zamu yake,
bila majina.
Mtoto wa Kenora aliyepakua mchezo wa dakika arobaini
na mama yake akainua simu ya jikoni
dakika ya thelathini na tisa.

Daftari la mfumo huandika yote:
aliyeingia, aliyetoka, aliyekatika.
Humo nikauona ule mstari.
Alhamisi, 19:15. Simu imepokelewa. Hakuna modemu upande wa pili. Sekunde ishirini.
Alhamisi iliyofuata, 19:15. Sekunde ishirini na mbili.
Wiki sita.
Mtu, simu sikioni, anaisikiliza mashine yangu ikimpigia makelele,
anangoja yaishe.

Alhamisi ya saba niliizima modemu,
nikainua mkono wa simu mwenyewe.

"Mauno?"

Sikuweza. Nikasema, "Ni mwanawe."

"Basi mwambie ni Halyna Pidhirny. Yule trauti wa Ostap.
Tulilipa nusu. Kila nikipiga kuna ndege anapiga yowe,
nikadhani baba yako amepata kazi ya ndege walio hai,
nikaona haya kumkatiza."

Nilitafuta rafu zote. Nikatafuta nyuma ya bundi.
Kisha nikalitazama kasha lililobeba modemu
miezi yote ile,
na ubavuni, kwa mwandiko wa baba: PIDHIRNY, NUSU.
Nikalifungua. Samaki alikuwa na joto.

Kwenye ukurasa wa kwanza nikaacha neno:
Nimefunga kwa saa mbili. Napeleka samaki.

Theluji ilifika magotini. Trauti chini ya koti,
mkia ukinichoma kwapa.
Nilimwambia mlangoni, kabla sijafuta miguu.
"Nilijua," akasema. "Mauno hakupata
kupokea simu mlio wa kwanza."
Bahasha ilikuwa tayari juu ya meza, fedha kamili,
noti nyingine zimeshaacha kutumika.
Akamshika samaki kama mtu anayepima uzito wa mtoto,
akamgeuza, akamtazama jicho.
"Amekosea rangi," akasema. Akacheka, akalia kidogo,
akanipa supu ya viazi vitamu vya rangi ya damu,
kwa Kiukraina jina lake sikulishika.

Modemu sasa inakaa juu ya matofali mawili.
Ubao umerudi, Kunguru Saba karudi, mtoto wa Kenora kamaliza mchezo.

Na Alhamisi, 19:15:
hakuna modemu upande wa pili. Sekunde ishirini.

Samaki anaye. Deni hana.
Sikuinua. Lakini tangu siku ile
ikifika saa moja na dakika kumi namtoa yeyote aliye kwenye laini,
awe katikati ya faili, awe katikati ya sentensi.
Kunguru Saba alilalamika.
Nikamwandikia: kuna mgeni.